Gari Lililokuja Msibani

Mwanangu Tumpe,

Kumwandikia barua mtu anayelala chumba cha pili ni kichekesho, kwa hiyo salamu nitaziruka. Habari zangu unazo na zako ninazo. Wewe na mama yako mmekwenda kanisani kuagwa na kwaya, na hao wakishaanza kuimba hawajui kunyamaza, basi nimepata nafasi. Nikimaliza nitaibandika bahasha kwa punje za wali wa mchana na kuweka saini yangu juu ya ule mshono. Ukikuta saini imekatika katikati, ujue mama yako ametangulia kusoma.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za maji ya kuchemsha, wala namna ya kuwatunza hao samaki mbasa wasiote ukungu kwenye baridi ya Makambako. Hayo mama yako atakueleza kesho mpaka basi liondoke, na dirisha likiwa wazi atakueleza huku anakimbia pembeni. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni gari unalokwenda kulinunua Mbeya kabla hujafika huko Makambako na mchele wako.

Najua hapa umeguna. Tafadhali endelea kusoma.

Jana mezani ulisema kwamba muuzaji wa hicho kirikuu, hicho kigari cha mizigo, ni mtu mwema sana, kwa sababu amejitolea mwenyewe kuandika kwenye mkataba nusu tu ya bei, ili kodi ya kuhamisha umiliki iwe ndogo. Mimi niliweka kijiko chini. Nikauliza, mtu asiyekujua wema huo anautoa wapi? Ukaniambia, "Baba, wewe ungewekwa mlangoni mwa mbinguni ungewadai malaika vitambulisho." Mama yako akacheka mpaka akapaliwa na maharage. Nami nikakasirika, nikasema maneno ya hovyo, kwamba kama huna akili ya kununua gari basi uendelee kuuza mchele kwa baiskeli. Ukanyanyuka, ukaacha chakula. Maneno yale nayafuta, mwanangu. Akili unayo, tena ya kunizidi. Ulichokosa ni mashaka, na mimi ninayo ya kutosha watu wawili, kwa hiyo nakugawia.

Kweli mimi ni mtu wa mashaka, na kijiji kizima kinajua. Nikipeleka kakao kupimwa nabeba pakiti ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa, naiweka kwanza kwenye mzani mbele ya karani. Siku mzani ulipoonyesha pungufu, karani akaniambia huenda ni sukari yenyewe iliyopungua. Badala ya kumshuku yeye peke yake nikaanza kumshuku na mwenye duka. Nilirudi dukani, tukapima pakiti zote za rafu ya chini, mpaka mwenye duka akaniomba kwa heshima nikanunue sukari kwingine. Mnaicheka hadithi hiyo kila Krismasi. Chekeni tu. Lakini umewahi kujiuliza mtu wa namna hii aliwezaje kununua gari bila kuuliza swali hata moja?

Gari lenyewe unalijua. Ni lile pikapu la bluu nyuma ya nyumba, ambalo siku hizi unaokota mayai ya kuku kwenye kiti cha dereva. Unajua pia kwamba lilikuwa la mjomba wako Ambakisye, kaka wa mama yako, kutoka ng'ambo ya mto Songwe. Ila ulikuwa mdogo lilipofika, na sidhani kama kuna mtu amekueleza vizuri lilivyofika.

Lilikuja msibani. Mama yangu, bibi yako, alifariki hospitali ya Kyela mjini wakati wa mvua kubwa, barabara ya huku kwetu Ikolo ikiwa tope tupu, na wenye magari ya kukodi wote walikataa kuja. Habari zikavuka mto. Unajua sisi na watu wa ng'ambo tulivyo: mpaka uko kwenye ramani na pale Kasumulu penye ofisi, lakini tunaoana, tunazikana, na lugha yetu ni moja. Mjomba wako akavuka siku ileile na pikapu lake. Pale mpakani wamezoea. Gari la ng'ambo likija kuzika hupewa kibali cha muda mfupi, watu wazike, walie, warudi nalo kwao. Likaingia hivyo, na namba zake za kigeni, likaenda hospitali, likambeba bibi yako akiwa kwenye jeneza mpaka hapa uwanjani. Njiani lilikwama tena na tena. Mjomba wako alishuka na suruali yake nyeusi ya msibani, akaingia kwenye tope pamoja na vijana, akasukuma. Nilikuwa nimekaa nyuma nimeshika jeneza, nikamwona.

Matanga yalipokwisha akaniita pembeni. "Shemeji," akasema, "mimi nina shida ya hela, na wewe kakao yako inaozea shambani kwa kukosa usafiri. Lichukue hili." Bei aliyotaja ilikuwa ndogo mno. Angekuwa mtu mwingine, ile bei peke yake ingeninyima usingizi. Swali likanifika mdomoni kabisa: shemeji, ushuru wa kuliingiza nchini umelipwa? Nikageuka, nikatazama nyuma ya pikapu. Maua ya jeneza yalikuwa bado yamenasa kwenye kona ya bodi. Utamwulizaje habari za ushuru mtu aliyemleta mama yako nyumbani? Nikasema, "Ndaga fijo, shemeji, asante sana." Nikampa ng'ombe wawili na hela ya msimu ule. Yeye akarudi kwao kwa basi, na kibali cha gari kikaisha muda wake gari likiwa limelala kwangu.

Nadhani ni sisi tu wa huku mtoni tunaoweza kukosea namna hiyo. Mtu wa Dar angeniuzia lile gari ningemkagua mpaka meno. Lakini huyu tumezika naye, na kwetu mtu mliyezika naye humdai karatasi. Nilijiambia kwamba ukoo wa mama yako ni karatasi tosha.

Basi nikawa mtu mwenye gari, na tangu siku hiyo sikupumua. Namba ya mbele niliing'oa, ya nyuma nikawa naipaka tope kila asubuhi, hata kiangazi, na wewe ukiwa mtoto ulinisaidia kuchota hilo tope ukidhani ni mchezo. Nilijifunza njia zote za mashambani. Niliweza kwenda Njisi, niliweza kwenda mpaka Matema kupitia kwenye majaruba ya mpunga, lakini mjini kwa barabara kubwa sikuthubutu. Watu wakalipa jina, wakaliita Mwali, kwa kuwa halitoki nje kama binti aliyewekwa ndani. "Mwali wako hajambo?" wananiuliza sokoni, na mimi nacheka huku nimekunja uso. Kila mwanamume aliyevaa shati safi nilimwona mtu wa kodi. Kuna mmoja alikuja na mkoba mweusi, nikatupa turubai juu ya gari, nikajificha kwenye mikakao, mama yako akamkaribisha, akampa ndizi na maziwa ya mgando. Alikuwa anauza Biblia. Tulilazimika kununua moja kwa aibu, ndiyo ile unayoondoka nayo kesho.

Hayo yote unaweza kucheka. Ninalotaka kukukumbusha sasa halichekeshi, na wewe ulikuwa na umri wa kuelewa.

Ulipochaguliwa kidato cha tano kule Tukuyu, nilikuahidi kwamba hutapanda basi, kwamba baba yako atakupeleka kwa gari lake mpaka getini. Ulitangaza kijijini kote. Tulipakia tranka, ndoo, gunia la mchele, na lile godoro jipya lenye maua ambalo mama yako alilinunua kwa hela ya karanga. Ulikaa mbele na sare yako ya shule, umenyoosha mgongo kama mke wa mbunge. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba alfajiri hakuna askari. Tukafika njia panda ya barabara ya Tukuyu, jua likiwa limeshatoka, na kwa mbali nikakiona kizuizi, askari wawili na gari limesimamishwa. Nikaegesha kichakani.

Uliniuliza, "Baba, kwa nini tumesimama?" Mama yako, aliyekuwa amekaa nyuma juu ya godoro, ndiye aliyekujibu: "Gari la baba yako linaogopa watu."

Ulishuka mwenyewe, ukachukua ndoo yako. Tukasimamisha basi. Tranka likaingia, gunia likaingia, godoro kondakta akalikataa, akasema paa limejaa. Ukapanda. Mimi nikarudi nyumbani kwenye njia za mashambani na godoro lako nyuma, mama yako amekaa juu yake. Wiki nzima ulilala juu ya mkeka kwenye baridi ya Tukuyu mpaka nikapata mtu wa kulileta. Ukarudi likizo na kikohozi, na hukuniuliza lolote. Afadhali ungeniuliza. Bado inaniuma, Tumpe, kuliko hasara yote ya lile gari.

Baada ya hapo nikaona liwe liwalo, nikavaa koti la kanisani, nikaenda ofisi ya mapato. Nilimkuta dada mmoja dirishani. Kwa kuwa simwamini mtu, nilimwambia kwamba naulizia gari la jirani yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akaniambia gari lililoingia kwa kibali cha muda likabaki, linadaiwa ushuru wote wa kuingizwa nchini kana kwamba limenunuliwa nje, pamoja na adhabu ya kulificha, na hesabu inapigwa kwa thamani wanayoipima wao, si kwa ng'ombe wawili. Nikamwambia, lakini huyo jirani alilinunua kwa nia njema, kwa ndugu, msibani. Akasema, "Baba, kodi haiangalii umelinunua kwa nani wala kwa huruma gani. Inakaa ndani ya gari, na anayekutwa na gari ndiye anayeulizwa." Nilipoaga akatabasamu, akasema, "Mwambie huyo jirani yako aje mwenyewe, tutamsaidia."

Jirani hakwenda. Alipopiga hesabu nyumbani aliona ushuru na adhabu vinazidi alichonunulia gari, tena kwa mbali. Nikalisukuma nyuma ya nyumba, kuku wakahamia. Na kwa kuwa mtu akiumia hutafuta wa kumlaumu, nikampigia simu mjomba wako nikamwita tapeli. Akasema polepole, "Shemeji, uliniuliza?" Nikakata simu. Hatukusalimiana tena mpaka ulipomaliza chuo, alipovuka kwa pikipiki kuja kukupongeza na kuku wawili amewafunga kwenye usukani. Alinipa mkono mbele za watu, nikaupokea, ila hatujawahi kulizungumza.

Sasa nakuja kwa muuzaji wako, na hapa utanikasirikia tena.

Leo asubuhi ulipokwenda sokoni nilichukua namba yake kwenye simu ya mama yako, nikampigia kwa simu yangu. Nikajifanya mnunuzi kutoka Chunya. Nakuandikia tulivyozungumza, maana nilikuwa makini kuliko siku ya ndoa yangu.

"Kile kirikuu bado kipo?"

"Kipo mzee, tena kisafi mno. Ila kuna binti wa Kyela anakuja kesho na hela taslimu, kwa hiyo wahi."

Hapo tu nilikasirika, kwamba ameshakutangaza kwa mtu asiyemjua kuwa unasafiri na hela. Nikajizuia.

"Gari lilikuwa la nani?"

"La shirika la dini, lilikuwa linahudumia yatima. Watu wa Mungu hao, wamelitunza sana."

"Kadi imeandikwa jina lako?"

"Jina la shirika. Lakini hiyo siyo shida mzee, watu wangapi wanatembelea kadi za majina ya wenzao?"

"Na lilipoingia nchini, lililipiwa ushuru, au liliingia kwa msamaha?"

Nikasikia redio nyuma yake na mtu anapiga nyundo.

"Mzee, umesema wewe ni wa wapi?"

"Chunya."

"Na Chunya leo mvua inanyesha?"

Bati letu lilikuwa linapigwa na mvua kiasi kwamba hata mwenyewe nilikuwa napiga kelele ili nisikike. "Inanyesha," nikasema, nikisahau kwamba Chunya ni kukavu. Akakata simu. Nilipopiga tena, haikupokelewa.

Tumpe, sisemi kwamba huyu ni tapeli. Neno hilo nimeshamwambia mtu mmoja maishani na sikuwa na haki. Huenda alinishuku mimi kwa sauti yangu, na angekuwa na sababu. Ila sikiliza nilichokijua tangu siku ile ya dirishani. Mashirika ya namna hiyo huweza kuruhusiwa kuingiza gari bila kulipa kodi, kwa ajili ya kazi wanayoifanya. Ule msamaha ni wao. Gari likiuzwa kwa mtu kama wewe, anayekwenda kufanya biashara ya mchele, ile kodi iliyosamehewa inaamka, na itamdai atakayekutwa na gari. Kwa hiyo hilo gari linaweza kuwa rahisi kwa sababu ileile iliyolifanya la mjomba wako kuwa rahisi. La mjomba lilikuja na jeneza, hili linakuja na yatima. Nani atathubutu kuuliza?

Ndiyo maana nilipomsikia anasema "watu wa Mungu" nilisimama. Wewe nawe mezani ulituambia ni mtu mwema, na uso wako ulikuwa umetulia kabisa, kama wangu siku ile nilipoona yale maua.

Na hiyo habari ya kuandika nusu ya bei. Wewe unaona anakupunguzia kodi. Mimi naona hivi: gari likigoma, au likikamatwa, au akitokea mwenyewe halisi, utamrudia muuzaji na ule mkataba, na mkataba unasema ulimpa nusu. Hiyo nusu nyingine uliyompa mkononi itakuwa hadithi yako tu. Ofisini nako hawalazimiki kuiamini bei yenu. Wakiona kirikuu kizima kimeuzwa kwa bei ya pikipiki wataweka thamani yao, na wewe utakuwa umeshasaini uongo mbele ya wakili. Halafu kuna jambo ambalo mimi linanitisha zaidi ya hela. Huyo mtu atakuwa na siri yako, ataishi nayo Mbeya, na wewe utakuwa unapita Mbeya na mchele kila wiki. Mimi nimeishi na siri ya gari. Unaanza kuona aibu hata ukisalimiwa.

Kwa hiyo nakuomba, sikuamuru, umri wa kuamuriwa umeshaupita. Kabla hela haijatoka kwako, mwombe hiyo kadi na namba ya chesisi, muende pamoja mpaka dirisha la ofisi ya mapato. Hapohapo ukiwa naye umwulize mtu wa dirishani kama gari hilo limelipiwa kodi zote au lina msamaha, na kama lina faini za barabarani zinazolala kwenye namba yake. Bei iandikwe ileile mtakayolipana. Kodi ya kuhamisha jina uilipe kwa mkono wako, kwa namba ya malipo utakayopewa na ofisi, siyo kumwachia yeye "akushughulikie". Hilo neno kushughulikia limewaliza wengi hapa Kyela. Kama atakuja na wewe dirishani huku anapiga soga, basi mimi ndiye mbaya, na utamwomba radhi kwa niaba ya mzee wa Chunya. Kama atakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa, au kwamba ofisi imefungwa, au kwamba mteja mwingine yuko njiani, shukuru, panda basi uende zako.

Utasema hela haitatosha ukiongeza na kodi. Huenda haitatosha. Kodi ni sehemu ya bei, mwanangu, hata muuzaji akijifanya haipo. Basi ukodi gari la mtu msimu mmoja, mchele wako unajiuza, huuchanganyi na wa kwingine na wateja wanaujua kwa harufu. Kakao iliyo kwenye masanduku inachacha sasa hivi ninapoandika, nasikia harufu yake mpaka hapa mezani. Ikikauka nitaiuza, na pakiti yangu ya sukari nitakwenda nayo, na hela nitakutumia. Lakini usinunue gari ambalo litakuwa na nchi ndogo kuliko yako, kama Mwali wangu.

Nikutanie kidogo: umerithi pua yangu, miguu yangu, na ubishi wa mama yako. Mashaka yangu usiyarithi yote. Nimekaa nayo miaka mingi nikidhani yananilinda, kumbe nilimshuku karani, nikamshuku mwenye duka, nikamshuku muuza Biblia, na siku moja tu iliyohitaji swali moja tu nilifunga mdomo kwa kuona haya. Afadhali wewe umwamini kila mtu, na bado uulize. Uliza huku unacheka, una sura nzuri ya kuulizia, sio kama mimi ninayeuliza kama polisi. Mtu mwaminifu hachukii kuulizwa. Mjomba wako, ningemwuliza siku ile, nina hakika angekaa chini na kuniambia kweli, na tungetafuta njia pamoja, maana alikuwa ameshaingia kwenye tope kwa ajili yangu.

Kesho ukiwaza na kuamua kwamba baba amezeeka, sawa. Lakini barua hii uisome ndani ya basi, kabla ya Mbeya. Hapa niliacha kalamu, nikampigia simu mjomba wako. Nimemwambia unasafiri na unakwenda kununua gari. Akauliza, "Shemeji, amemwuliza muuzaji karatasi?" Tukacheka wote wawili, halafu nikamwomba radhi. Ilikuwa simu ndefu, salio likaisha, akapiga yeye.

Nawasikia mnakuja, mama yako anaimba sauti ya tatu barabarani na wewe unamkatisha. Nimalize.

Nina ombi moja, nalo silo la kodi. Ukishapata gari, hili au jingine, likiwa na jina lako kwenye kadi na risiti zote ziko ndani ya bahasha, rudi nalo nyumbani mara moja kabla hujalichakaza na magunia. Lile godoro lenye maua mama yako amelitunza stoo, panya hawajaligusa. Tutalifunga nyuma, hata kama hatuna pa kulipeleka. Mimi nitakaa mbele pembeni yako, na mchana kweupe utanipeleka mpaka njia panda ile, upunguze mwendo penye kizuizi, askari atuinulie mkono, aombe karatasi, na wewe umpe. Halafu twende mpaka Tukuyu, mpaka kwenye geti la shule yako.

Mimi baba yako, niliyekushusha njiani.